Isale la Mpakani

Habari za majirani na mipaka ya mashamba



Mwezi huu tumeona yafaa tuseme nanyi juu ya jambo ambalo watu hulidharau mwanzoni, nalo ni ugomvi wa majirani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mtu akiulizwa, "Mmegombana kwa sababu gani?" husema, "Si kitu, ni kipande kidogo tu." Lakini kwa ajili ya kipande hicho kidogo twajua nyumba ambazo hazikusalimiana miaka kumi, watoto waliokatazwa kucheza pamoja, na mazishi ambayo mtu wa mlango wa pili hakuhudhuria. Tena ugomvi huu hauchagui watu. Huwaingia wasomi na wasiosoma, matajiri na maskini. Na sisi tunaowaandikia haya, ulituingia. Habari yetu wenyewe tutaisimulia hapa chini, wala hatutaificha aibu yake, maana huenda ikamfaa mtu.

KIHAMBA NA MPAKA WAKE

Sisi tunakaa katika nchi ya Uchaga, miteremkoni mwa Kilimanjaro. Wasomaji wetu wa mbali yafaa wajue ya kuwa shamba la kwetu ni la namna mbili. Lile la juu, lenye migomba na mibuni na nyumba ya mtu na makaburi ya baba zake, huitwa kihamba. Lile la chini, kuelekea tambarare, la mahindi na maharagwe, huitwa shamba tu. Shamba la chini laweza kuazimwa, au kukodishwa mwaka huu na kuachwa mwaka ujao. Kihamba si hivyo. Mtu huzaliwa humo, hula humo, na akifa huzikwa humo. Kwa hiyo anayegusa kihamba cha mwenzake, hata kwa hatua moja, hagusi udongo tu, bali agusa baba na babu.

Mpaka wa kihamba wazee wetu hawakuuwekea ukuta wala waya. Walipanda masale. Isale ni mmea wa jamii ile ambayo wataalamu wa mimea huiita Dracaena. Majani yake ni marefu na ya kijani mwaka mzima; ukikata kijiti chake na kukichomeka ardhini huota, wala ukame haukiui upesi. Ndiyo sababu waliuchagua, maana mpaka wapaswa kuwa kitu kisichokufa. Lakini isale lina kazi ya pili, nayo wageni hustaajabu wakiisikia. Mtu aliyemkosea mwenzake, akitaka kuomba radhi, huchukua jani la isale na kumpelekea. Na aliyekosewa akiletewa jani hilo, ni vigumu sana kukataa kusikiliza. Basi mmea ule ule utenganao mashamba ndio upatanishao watu. Wazee hawakutuandikia kitabu juu ya jambo hili, bali walilipanda mbele ya macho yetu.

KWA NINI UGOMVI UMEZIDI

Zamani shauri la mpaka lilikatwa na wazee wa ukoo, na likiwashinda, lilipelekwa kwa mangi. Utawala wa mamangi ulikomeshwa kwa sheria ya mwaka 1963, nayo mashauri yakahamia kwenye mabaraza na mahakama za serikali. Lakini kuondoka kwa mangi si chanzo cha ugomvi kuzidi. Chanzo ni hiki: watu wameongezeka, na mlima haukuongezeka.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967 mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu yapata 650,000. Mwaka 2012 walikuwa 1,640,087, na mwaka 2022 walikuwa 1,861,934. Kihamba cha babu kiligawanywa kwa wana, na fungu la mwana likagawanywa tena kwa wajukuu. Kwa desturi yetu mzaliwa wa kwanza hutengewa mahali pake, na kitinda mimba hurithi nyumba ya baba. Wale wa katikati huangalia huku na huku. Leo vihamba vingi havizidi ekari moja au mbili. Mtu mwenye ekari kumi akipoteza hatua nne hatambui. Mwenye robo ekari akipoteza hatua nne, amepoteza chakula cha watoto.

Tena ilikuja kahawa. Wapanda kahawa wa Kichaga walianza chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ukaundwa ushirika wao mkubwa, ndio KNCU. Toka siku zile udongo wa kihamba ulikuwa chakula na fedha pamoja. Mbuni mmoja ulioko mpakani uliweza kununua daftari la mtoto. Na sasa, hata pale kahawa ilipopungua, viwanja vya kujenga vimepanda bei, na watoto walioko mijini hutuma fedha wajengewe nyumba nyumbani. Mtu akiisha kumwita fundi, ndipo mpaka uliolala miaka thelathini huamka.

Nayo mambo madogo huwasha moto. Kuna mbuzi aliyekata kamba akala migomba michanga. Kuna mkaratusi uliopandwa ukingoni, nao hunywa maji ya jirani na kumtilia kivuli. Kuna maji ya mvua yaliyoelekezwa kwa mwenzio ili yasibomoe kwako. Kuna mfongo, yaani mfereji wa maji uliochimbwa na wazee kutoka mtoni. Kila nyumba ina zamu yake, na mwenye kufungua maji usiku katika zamu ya mwingine amemwibia, ingawa hakuchukua kitu mkononi.

HABARI YETU WENYEWE

Upande wa bonde tunapakana na mama mmoja mjane. Mumewe alikufa mwaka 1998, akamwachia watoto wanne na kihamba kidogo. Baba yetu alifariki mwaka 2009, nasi tukarithi nyumba yake, kwa kuwa sisi ndio kitinda mimba wa mama yetu miongoni mwa waliobaki nyumbani. Kati yetu na yule mama palikuwa na safu ya masale, marefu na manene, nasi tangu tupate akili twaliyaona pale pale.

Mwaka 2019 twalianza kujenga chumba cha kijana wetu. Fundi akachimba msingi karibu na masale, kwa upande wetu, kama hatua mbili hivi. Siku ya tatu yule mama akaja, akasimama, hakuingia uani.

Akasema, "Mwalimu, nimekuja kwa heshima. Msingi huu umeingia kwetu."

Twalimwonyesha masale kwa kidole. "Mama, mpaka si ule? Msingi haujaufikia."

Akajibu, "Masale hayana kosa. Tazameni mikono iliyoyapanda."

Neno hilo lilituchoma kama pilipili jichoni. Tukalisikia kuwa tusi kwa baba yetu aliye kaburini, nasi tukamjibu kwa ukali mbele ya fundi na vijana wake. Tulisema ya kuwa mjane asiye na la kufanya hutafuta mipaka. Ndugu wasomaji, twaliyasema hayo kwa kinywa kile kile tunachofundishia watoto. Yule mama hakujibu neno. Akarudi kwake.

Toka siku ile mambo yakawa mabaya. Asubuhi tukikutana njiani, kila mmoja alitazama upande wa pili. Mbuzi wake akaingia kwetu, tukamfunga mpaka jioni, naye akaja kumchukua bila kusema. Siku ya zamu yetu ya mfongo maji hayakufika. Tukasema ni yeye, na baadaye tukajua ni jani la mgomba lililoziba. Mke wetu, ambaye walikuwa wakiazimana chumvi na moto, hakuenda tena. Mjukuu wake alikuwa akisoma katika darasa letu la Jumamosi. Akaketi nyuma, hakutuinulia macho. Nasi tukaendelea kufundisha. Haya yalikuwa miezi mitano.

Jioni moja mama yetu, aliyekuwa mzee sana lakini mwenye akili timamu, akatuita jikoni. Akasema, "Mwanangu, keti. Nasikia unajenga, tena nasikia hamsalimiani na mwenzangu. Nani ana haki?"

Tukamweleza. Akanyamaza kitambo, akichochea moto. Kisha akasema, "Mwaka wa njaa ya 1984, mume wa mwenzangu alikuwa Tanga, kwenye mashamba ya mkonge. Alikaa kule miaka miwili. Baba yako aliyang'oa masale usiku, akayasogeza. Mimi nilimwona. Nilimwambia, naye akaniambia ninyamaze, watoto watakula nini. Nikanyamaza. Mpaka wa kwanza ulitoka kwenye mringaringa ukaenda moja kwa moja mpaka kwenye jiwe kubwa la mfongo."

Tukauliza, "Mama, mbona hukutuambia siku zote hizi?"

Akasema, "Hukuuliza. Tena alikuwa mume wangu."

Usiku ule hatukulala. Asubuhi na mapema, kabla watu hawajaamka, tukaenda peke yetu kusimama kwenye mringaringa, tukatazama mpaka kwenye lile jiwe. Mama alisema kweli. Kutoka mstari ule mpaka kwenye masale palikuwa na hatua nne, na urefu wake hatua arobaini. Ndani yake mlikuwa na migomba tisa na mibuni kumi na mitatu, na nusu ya msingi wetu.

SHAURI LILIKUWA GUMU

Mtu anayesoma atasema, "Basi, kazi imekwisha, rudisha." Lakini haikuwa rahisi hivyo, nasi twataka kusema kweli juu ya jambo hili.

Kwanza, palikuwa na sheria. Jamaa yetu mmoja aliyesoma mambo ya sheria alitushauri, akasema, "Mwalimu, kaa kimya. Muda wa kudai ardhi ni miaka 12. Imepita 35. Hata yule mama akienda kwenye baraza, huenda akashindwa." Naye hakukosea kuutaja muda huo, ndio ulioandikwa katika Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971. Ikawa mlango umefunguliwa mbele yetu, na juu yake pameandikwa neno la sheria; ilikuwa kazi yetu kupita tu.

Pili, walikuwapo ndugu zetu. Tulipowaita na kuwaeleza, ndugu yetu mdogo kwa mama mwingine alisimama akasema, "Mnatoa urithi wa baba na kumwita mwizi kaburini. Nani amewapa ruhusa?" Hata sisi wenyewe twalijiuliza hivyo. Kumheshimu baba ni wajibu, na kufunua kosa lake mbele ya kijiji ni jambo zito. Lakini tukaona ya kuwa aliyekufa hawezi tena kurudisha alichochukua. Ikiwa anaye mwana, mkono wake uliobaki duniani ni huyo. Tukinyamaza, hatumfichi baba aibu yake, bali twaifanya kuwa yetu, na baada yetu ya watoto wetu. Tena watoto hao hawatakuwa na bibi wa kuwaeleza.

Katika siku hizo twalizikumbuka habari za kale ambazo tumewafundisha wengine mara nyingi. Torati imekataza kusogeza alama ya mpaka wa jirani, na kosa hilo limewekwa pamoja na makosa mazito. Mfalme Ahabu alitamani shamba la Nabothi lililokuwa kando ya nyumba yake, na kwa shamba la mizabibu pakamwagika damu. Naye Isaka, watumishi wake walipogombewa kisima cha kwanza na cha pili, aliviacha akachimba cha tatu, wala hakuna aliyekigombea. Zamani twalizisoma habari hizo kama za watu wa mbali. Mwaka ule zilikuwa za nyuma ya nyumba yetu.

Basi tukamwomba mwenyekiti wa kitongoji na wazee wawili wafuatane nasi. Tukachuma jani la isale katika safu ile ile aliyoipanda baba, tukaenda kwa yule mama jioni. Tukamwita kutoka mlangoni. Alipotoka na kuona jani mikononi mwetu, akaegemea mwimo wa mlango.

Tukasema, "Mama, ulisema kweli. Mikono iliyoyapanda ilikuwa ya baba yetu. Nasi tukakutukana juu yake. Tumekuja kuomba radhi kwa yote mawili."

Hakulipokea jani upesi. Alisimama muda, nasi tukaogopa. Kisha akalipokea, akasema, "Mume wangu aliporudi kutoka Tanga aliliona. Alitaka kwenda kwa wazee. Lakini alipokuwa mbali, mtoto wetu wa kwanza aliugua, na baba yako ndiye aliyembeba mgongoni mpaka hospitali. Mume wangu akasema, siwezi kumshtaki mtu aliyeniokolea mwana. Akafa nalo moyoni. Mimi nalisema siku ile kwa sababu ya msingi. Mkiisha kujenga, wajukuu wangu hawatakuwa na la kusema tena."

Ndugu, hapo ndipo tulipoona ya kuwa baba yetu alikuwa mtu mmoja aliyefanya mambo mawili, na jirani yake alijua yote mawili, akachagua lile la kukumbuka. Sisi tulijua moja tu, tukajivuna nalo.

Wiki ile tulipima upya mbele ya wazee, kutoka kwenye mringaringa hadi kwenye jiwe. Msingi ulibomolewa na kuchimbwa upya. Ulitugharimu saruji, mawe, na siku nne za fundi. Kahawa ilikuwa karibu kuiva, nasi ndio tuliopalilia. Yule mama akasema tuvune wenyewe mwaka huo. Tukakataa, naye akakataa kukataa kwetu, mwisho wazee wakaigawanya nusu kwa nusu. Masale mapya yalipandwa na watoto wa nyumba zote mbili, ili wayajue. Kisha tukaandika hati, tukatia sahihi pande zote, nakala moja ikawekwa katika ofisi ya kijiji.

Ndugu yetu mdogo hakusema nasi mpaka mwaka uliofuata, siku tulipomzika mama yetu. Siku ile yule mama jirani alikuja kabla ya jua, akawasha moto wa kupikia wageni kwa mikono yake. Ndugu yetu alimwona. Hakusema neno juu ya mpaka, lakini alikuja akaketi karibu nasi.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwa habari hiyo, na kwa mengine tuliyoyaona katika kusuluhisha watu, twawapa wasomaji maneno machache.

La kwanza. Mwulize aliye mzee angali hai. Kila nyumba ina mtu mmoja anayejua mpaka wa kwanza. Mtembeze mpakani pamoja na watoto, wakiwapo majirani, aonyeshe jiwe na mti. Andikeni. Ikiwezekana pigeni picha kwa simu, na jirani awemo katika picha.

La pili. Kabla ya kumwita fundi, mwite jirani. Mwambie, "Nataka kujenga hapa; njoo tuone mpaka." Mwenye kuitwa kabla ya msingi huja kama shahidi, na mwenye kuja baada ya msingi huja kama mshitaki.

La tatu. Usijibu siku ile ile. Hasira hasara. Neno tulilosema mbele ya fundi lilikuwa la pumzi moja, na kulifuta kulihitaji miezi.

La nne. Tenga ugomvi na mambo mengine. Ikiwa mnashindana juu ya mpaka, msishindane pia juu ya mbuzi, maji, watoto, na salamu. Salamu usiikate kamwe. Aliyeacha kumsalimu jirani ameziba njia ambayo angepitia kurudi.

La tano. Usidharau mjane wala binti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei mwaka 2001, inasema ya kuwa mwanamke ana haki ya ardhi sawasawa na mwanamume, na desturi inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Wako wanaume wasemao, "Hana mume, atasema nini?" Sisi twalisema hivyo, na sisi ndio tuliokuwa na kosa.

La sita. Ukimwazima mtu shamba, andikeni ya kuwa ni la kuazima. Mahakama zetu zimesema mara nyingi ya kuwa mtu aliyekaribishwa katika ardhi hawi mwenye ardhi kwa sababu ya kukaa siku nyingi. Lakini mashahidi wakiisha kufa, ni nani atakayesema kwamba alikaribishwa? Na wewe unayedai haki yako, usiilaze, maana ile miaka 12 yapita upesi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

SHAURI LIKISHINDIKANA NYUMBANI

Si kila jirani atapokea jani la isale. Wako watu wagumu kweli, na kuwavumilia si kuwaachia waibe. Ikiwa mmesema wawili hamkupatana, na wazee wa ukoo na mwenyekiti wa kitongoji wameshindwa, fuateni njia iliyowekwa, msichukue panga wala msing'oe mimea ya mtu usiku.

Katika kijiji kuna Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina watu saba, na wasiopungua watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha, si kuhukumu; nanyi hamlazimishwi kwenda huko, ila ni karibu, na wajumbe wake wanaujua udongo wenyewe.

Baada yake kuna Baraza la Kata. Wajumbe wake ni wanne mpaka wanane, watatu wakiwa wanawake, na mawakili hawasimami humo. Zamani baraza hili lilikata mashauri ya ardhi. Lakini sheria ilibadilishwa mwaka 2021, nalo limebaki na kazi ya kusuluhisha. Likishindwa kuwapatanisha katika siku 30, mwenye madai aweza kwenda mbele. Twalitaja jambo hili kwa kuwa watu wengi bado hufikiri ya kuwa Kata itatoa hukumu, wakapoteza wakati.

Mbele yake, kwa sheria ya mwaka 2002, liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nalo halipokei shauri ambalo halikupita kwanza kwenye usuluhishi wa Kata. Asiyeridhika hukata rufani Mahakama Kuu, na mwisho Mahakama ya Rufani. Ni njia ya haki, lakini ni ndefu. Mtu ahesabu nauli, siku za kazi, na ada, kisha alinganishe na hatua anazozidai. Hatusemi asiende. Twasema aende akiwa amejaribu kwanza yaliyo karibu, na akiwa na ushahidi: hati, mashahidi wa mpakani, alama zisizohamishika.

Tena, kijiji kikiwa tayari kimepata cheti chake cha ardhi, ombeni Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Wakati wa kupima, majirani husimama pamoja mpakani na kukubaliana. Karatasi hiyo haiondoi wivu moyoni, lakini yawaondolea watoto mambo mengi ya kubahatisha.

NENO LA MWISHO

Kwenu ninyi waalimu twasema neno moja zaidi. Watu huja kwetu tuwasuluhishe, nasi hupenda kuketi katikati kama watu wasio na shamba. Tujitazame kwanza nyuma ya nyumba zetu. Mwalimu akiwa na ugomvi wa mpaka asiukimbie kwa sababu ya cheo chake, wala asiutumie cheo chake kumshinda asiye na cheo. Watoto walioko nyuma ya darasa hutuona.

Leo yule mjukuu wa jirani amemaliza shule ya msingi. Juma lililopita alikuja kukata majani ya ng'ombe kando ya masale mapya, ambayo sasa yamefika kiunoni. Isale moja lilikuwa limeinamia upande wetu kwa upepo. Alitafuta mti, akauchomeka, akalifunga lisimame wima mahali pake, akaenda zake na mzigo wake kichwani. Hatukumwambia afanye hivyo, wala bibi yake hakumtuma.

Kaeni salama, ninyi na majirani zenu.